Sura ya 5: Nani Aliamua Kwamba Golf Ni Juu na Katuba Ni Chini?

"Unakaa wapi?" Hapa Lubumbashi swali hilo huja mapema. Huulizwa kwenye matanga, nje ya kanisa, ofisini siku ya kuomba kazi, na zaidi ya pote siku wazee wa pande mbili wanapokutana kuzungumza mahari. Anayejibu "Golf" ameshaeleza mshahara wake, shule yake na hata Kifaransa chake. Anayejibu "Katuba" analazimika kuongeza maneno: ni Katuba upande gani, nyumba ni ya familia, baba alikuwa mwalimu.

Kutokana na hapo linazaliwa swali ambalo watu wengi wa mji huu wanalo. Walimu wawili wanapokea mshahara mmoja. Wa kwanza amepanga vyumba viwili katika mtaa wa Bel-Air. Wa pili anaishi katika nyumba yake mwenyewe Katuba, hadaiwi na mtu. Kwa nini yule wa kwanza ndiye anayehesabiwa kuwa amefika?

Jibu la haraka ni fedha: Bel-Air ni ghali, Katuba ni rahisi. Lakini jibu hilo linaacha shimo, kwa sababu hapa mwenye nyumba ndiye mwenye mali, na mpangaji ndiye anayelala akiwaza kodi. Jibu langu ni jingine. Tunaisoma mitaa yetu kwa ramani iliyochorwa na wakoloni kwa kufuata rangi ya ngozi. Sheria za rangi ziliondoka. Mabomba, lami, upana wa viwanja na majina vilibaki, na fedha zilipokuja zikakaa palepale palipokuwa pameandaliwa. Tukisema "mtaa wa watu wa heshima" tunadhani tunazungumzia kipato, kumbe sehemu kubwa ya tunachosema ni kumbukumbu ya rangi.

## Watu wa katikati ni nani?

Tabaka la kati, katika kitabu hiki, ni watu ambao si matajiri wala hawaishi kwa kubangaiza siku kwa siku. Wana kipato cha kuwawezesha kufikiria mwezi ujao, wanalipa ada za watoto, na mtoto akiugua wanakwenda hospitali kabla ya kwenda kukopa. Lubumbashi kundi hili ni mchanganyiko: muuguzi wa hospitali ya Jason Sendwe, mwalimu msaidizi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, fundi umeme wa kampuni ndogo inayohudumia migodi, mama anayeuza vitenge kwa jumla katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini. Huyo mama anaweza kuwa na fedha kuliko wote watatu, na bado watu wasimtaje wanapotaja "watu wa katikati".

Kisha kuna lupangu. Kwa msomaji wa mbali, lupangu ni kiwanja chenye ua pamoja na nyumba iliyomo ndani yake, na mwenye lupangu ni mtu mwenye neno. Mpangaji hulipa garanti, yaani kodi ya miezi kadhaa inayowekwa kwa mwenye nyumba kabla ya kuingia, na bado anaweza kuambiwa ahame. Kwa hiyo tuna vipimo vitatu vya heshima: kipato, kumiliki lupangu, na mtaa. Vinapopingana, mara nyingi mtaa ndio unaoshinda.

## Mji uliopimwa kwa mbu

Élisabethville, jina la kwanza la mji wetu, ilianza mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipofika ikipitia Rhodesia ya Kaskazini. Jina lilikuwa la Elisabeth, malkia wa Ubelgiji. Mwaka 1911 tanuru la kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga lilitoa shaba yake ya kwanza kando ya mto Lubumbashi. Emile Wangermée, aliyeongoza jimbo letu la Katanga kwa niaba ya serikali ya kikoloni, alisimamia mji wa barabara zilizonyooka, pana, zenye miti. Mji huo ulikuwa wa Wazungu.

Waafrika waliojenga reli na kuchochea tanuru walihitajika kila asubuhi na hawakutakiwa kila jioni. Mwaka 1921 mtaa wao, ulioitwa cité Albert na ambao leo ni Kamalondo, uliwekwa kusini mwa mji. Kati yake na mji wa Wazungu uliachwa ukanda usio na watu: ardhi tupu ya kutenganisha pande mbili. Upana unaotajwa mara nyingi ni mita 500, na sababu iliyotolewa ni afya. Ilisemwa kwamba huo ndio umbali ambao mbu wa malaria anaweza kuruka, hivyo mbu aliyemuuma Mwafrika asingemfikia Mzungu.

Mantiki hiyo ilikuwa na ufa mkubwa. Watumishi wa nyumbani, wapishi na watunza bustani, waliruhusiwa kulala katika vyumba vidogo nyuma ya nyumba za mabwana zao, ndani kabisa ya mji wa Wazungu. Mbu wa huko aliachwa aume apendavyo, kwa sababu chai ya asubuhi ilihitaji mtu wa kuichemsha. Afya ilikuwa sababu ya kuandikia ripoti. Lililotakiwa ni umbali.

Msanii wetu Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aliligeuza jambo hili kuwa kazi ya picha mwaka 2013. Alizipanga picha za ukanda ule zilizopigwa kutoka angani pamoja na picha za wadudu waliohifadhiwa makumbusho, nzi na mbu. Aliongeza picha ya zamani ya mwaka 1929 ya kampeni ya kuua nzi, wakati wafanyakazi walipotakiwa kuleta nzi 50 kila siku ndipo wapewe posho, yaani chakula chao. Mtu aliyekuwa akiyeyusha shaba ya kampuni alihesabiwa nzi kabla ya kula. Sijui kazi nyingine inayoeleza vizuri zaidi jinsi mtaa wa mtu ulivyogeuzwa kuwa shutuma juu ya mwili wake.

Wazungu nao hawakuwa kitu kimoja. Maofisa wa Kibelgiji na wakuu wa kampuni walikuwa juu. Chini yao walikuwepo Wagiriki, Waitaliano, Wareno na Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes, wengi wao wenye maduka yaliyouza nguo na chumvi kwa Waafrika. Hawa walitazamwa kama Wazungu wa daraja la pili, na kujenga karibu na wateja Waafrika kuliwashusha zaidi machoni pa wenzao. Hapo tayari tunaona kanuni ambayo bado inafanya kazi: hadhi ya barabara ilipimwa kwa umbali wake kutoka kwa mtu mweusi, hata pale mwenye nyumba alipokuwa mweupe.

Mwaka 1957 serikali ya kikoloni iliugawa mji katika komini, yaani manispaa ndogo, kila moja na meya wake. Mitaa ya Waafrika, Albert, Kenya, Katuba na Ruashi, ikawa komini kwa majina yake, na mji wa Wazungu ukawa komini yake. Mstari wa rangi ukageuka mpaka wa utawala. Ndiyo mipaka ambayo, kwa sehemu kubwa, bado tunaandika kwenye vitambulisho vyetu.

Kwa kifupi: kabla ya mtu yeyote kuuliza nani ana fedha, mji ulikuwa umeshaamua nani apate barabara pana, kiwanja kikubwa na bomba ndani ya nyumba. Uamuzi huo ulifuata ngozi.

## Wakaguzi sebuleni

Je, Mwafrika aliyesoma alikuwa na nafasi gani? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwepo makarani, wauguzi na walimu walioitwa "évolués", Waafrika ambao wakoloni walikubali kwamba wamekaribia "ustaarabu". Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa ya uraia. Mwaka 1952 ikaja hatua ya juu zaidi, kuandikishwa, ambako kulimweka Mwafrika chini ya sheria zilezile za Mzungu katika mambo mengi.

Njia ya kupata hadhi hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Wakaguzi walikwenda nyumbani kwa mwombaji. Waliangalia samani, usafi, vyombo, namna watoto walivyolelewa, kama mke anakaa mezani pamoja na mumewe. Mtu mzima, baba wa watoto, alisimama sebuleni kwake akisubiri mgeni aamue kama kabati lake linatosha. Katika Kongo nzima wakuu wa familia walioandikishwa hawakupita mia chache.

Nadhani hapa ndipo tabaka letu la kati lilipofundishwa kujitazama kwa jicho la mtu mwingine. Kipato hakikutosha, kusoma hakukutosha. Ilibidi nyumba ionekane, na ionekane kwa Mzungu. Tunapopanga viti vya sebuleni ambavyo hakuna anayeruhusiwa kuvikalia hadi mgeni aje, tunaendelea kumngoja yule mkaguzi.

Wakati huohuo Katuba ilikuwa inajengwa. Kuanzia mwaka 1950, chini ya Fernand Grévisse aliyesimamia mitaa ya Waafrika, familia zilipewa mikopo ya kujenga nyumba za tofali na bati na kuzilipia kidogo kidogo. Watu walifyatua tofali, waliweka misingi, waliacha nafasi ya mwembe. Katuba ilikuwa mtaa wa wafanyakazi wenye nyumba zao. Kwa kipimo chochote cha haki huo ni mtaa wa tabaka la kati. Haukuitwa hivyo kwa sababu waliomo ndani walikuwa weusi, na jina hilo limekawia kuufikia hadi leo.

## Kampuni iliyokuwa baba na mama

Kambi za Union Minière zinatuonyesha upande mwingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea wanaume wa muda na ikaanza kuwakalisha wafanyakazi kwa kudumu pamoja na wake zao. Kambini palikuwa na nyumba, posho, shule, zahanati. Palikuwa na jicho pia: kampuni ilijua nani amelala nje na nani hakumpeleka mtoto shule. Wazee husema kampuni ilikuwa baba na mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya watoto hao wa shaba walioachwa na baba yao, na kichwa chake kinawaita Bana Shaba.

Baba huyo alikuwa mkali. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kudai mishahara walipigwa risasi na askari hapahapa mjini, na wengi wakafa. Hata hivyo, kambi ilijenga heshima yake. Mtoto wa kambini alionekana msafi, mwenye nidhamu, mwenye shule nzuri. Watu wa cité, yaani mitaa ya Waafrika nje ya kambi, waliitazama kambi kwa wivu na huruma pamoja, kwa sababu wao walikuwa huru, na uhuru huo ulikuwa na njaa ndani yake.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1986 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka, na katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji wa kampuni nzima ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilikawia miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Hiari hiyo ilikuwa ya mtu ambaye hajalipwa na ambaye watoto wake wamerudishwa nyumbani.

Angalia kilichotokea kwa mtazamo wa watu. Kipato cha kambi kilianguka kabisa, lakini heshima yake ilianguka polepole zaidi. Miaka mingi baada ya posho kukatika, "mtoto wa Gécamines" liliendelea kuwa jina la mtu aliyelelewa vizuri. Sifa ya mtaa hutembea nyuma ya fedha, wakati mwingine kwa kizazi kizima. Ikiwa sifa nzuri ya kambi ingeweza kudumu bila mshahara, basi sifa mbaya ya cité nayo ingeweza kudumu hata pale mshahara ulipoingia.

## Jina linalotembea

Baada ya uhuru mwaka 1960 familia za Kiafrika ziliingia katika nyumba za mji wa Wazungu. Kwanza waliingia maofisa na wanasiasa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapite mikononi mwa Wazairi, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, na wakubwa wengine wakapata mali. Wapangaji wa juu walibadilika rangi, ila barabara zilibaki kuwa za juu. Ndiyo maana nasema rangi haikufutwa, ilirithiwa.

Kisha ikaja sheria mpya ya madini ya mwaka 2002, na pamoja nayo kampuni za kigeni, wahandisi, madalali wa madini na dola. Golf, upande wa uwanja wa golfu na ziwa, ukawa mtaa wa kutamaniwa kuliko yote, ukaanza kutanuka: Golf hii, Golf ile, kila sehemu mpya ikibeba jina la kwanza. Komisionere, yaani dalali wa nyumba, anajua uzito wa jina hilo. Anakupitisha kwenye vumbi hadi magoti, nguzo za umeme zimeishia nyuma, na bado anakuambia kwa sauti tulivu: "Mama, hii njo Golf kabisa. Hapa ni kwa bakubwa."

Nyumba zenyewe ni nzuri. Ukuta mrefu, geti la chuma, kisima kilichochimbwa uani, jenereta. Lakini vitu hivyo vyote mwenye nyumba amevilipia mwenyewe, kwa sababu mtaa haukumpa. Linganisha na Kamalondo. Iko jirani kabisa na katikati ya mji. Ina takribani karne moja ya maisha, barabara zinazojulikana, majirani wanaojuana kwa majina ya bibi zao. Tangu 2011 ina uwanja wa timu ya soka ya TP Mazembe, ambako watu wa Golf hukwenda kupiga kelele pamoja na watu wa Kenya. Mechi ikiisha, kila mmoja anarudi katika ngazi yake, na Kamalondo inabaki "cité".

## Wageni wa leo, na jaribio la Marekani

Kuusoma mtaa kwa rangi ya watu wake si jambo letu peke yetu. Marekani watafiti walifanya jaribio katika miji ya Chicago na Detroit, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Waliwaonyesha watu video za mitaa, mingine ya hali ya chini, mingine ya kati na ya juu. Nyumba na barabara hazikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni watu waliopita barabarani: katika video moja weupe, katika nyingine weusi, katika ya tatu mchanganyiko. Watazamaji weupe waliupendelea zaidi mtaa uleule ulipoonyeshwa ukiwa na weupe tu. Watazamaji weusi walipendelea zaidi mtaa wa mchanganyiko. Macho yalitazama tofali, moyo ukahesabu ngozi.

Wasomaji wa Dar es Salaam hawatashangaa. Mji wao uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati, kama ukanda wetu. Leo Oysterbay, uliokuwa mtaa wa Wazungu, bado ni Oysterbay.

Kwetu Lubumbashi jaribio hilo hufanyika kila siku bila watafiti. Familia ya Mzungu, Mhindi au Mlebanoni ikipanga katika barabara fulani, mwenye lupangu wa jirani anaanza kufikiria upya kodi yake. Kwa Wachina, waliokuja kwa wingi na migodi, hesabu ni tofauti: wengi wanaishi ndani ya maboma ya kazi, watu wanajua wana fedha, lakini barabara haipandi cheo kwa ajili yao. Fedha ni zilezile, ngozi ni nyingine, heshima ni nyingine. Mtu anayedai kwamba mambo haya ni ya kipato tu anieleze tofauti hiyo.

Na palipokosekana ngozi ya kutofautisha, tulitumia asili. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya jimbo la Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, hasa Likasi na Kolwezi, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapahapa na wakifanya kazi za ofisini na reli. Nyumba za tabaka la kati ziliuzwa kwa bei ya kutupa au ziliachwa wazi, familia zikangoja treni vituoni wiki na miezi. Nyumba zilezile, siku moja zilikuwa za "mtumishi wa heshima", siku ya pili zikawa za "mgeni". Bado ni jeraha, na ni lazima liandikwe pale tunapoeleza jinsi mtaa unavyopata jina.

## Kuupima mtaa upya

Mtazamo huu una bei, na anayeilipa ni yule asiye na fedha nyingi. Muuguzi kijana anayetoa theluthi mbili ya mshahara wake ili aweze kutaja Bel-Air ananunua jina. Mtaa unaohesabiwa kuwa wa wakubwa husikika haraka transfoma ikiungua. Mtaa unaohesabiwa kuwa wa wadogo unangoja, na kungoja kwake kunageuka ushahidi kwamba ni wa wadogo. Kwa hiyo anayetafuta nyumba, kabla ya kuuliza jina, aulize haya:

- Maji ya REGIDESO yanatoka saa ngapi, na yakikosekana watu wanachota wapi?
- Umeme wa SNEL unakatika mara ngapi kwa wiki?
- Mvua za Januari zikinyesha, barabara inapitika?
- Nauli ya kwenda kazini na kurudi ni kiasi gani kwa mwezi?
- Hati ya lupangu iko mikononi mwa nani, na jina lililoandikwa ni la nani?
- Usiku mtoto akipata homa, ni jirani yupi atafungua mlango?

Swali la mwisho komisionere hawezi kulijibu. Nenda mwenyewe saa za jioni, salimia, kaa kidogo barazani kwa mama mmoja mwenye umri, umuulize amekaa hapo miaka mingapi. Anza na Kamalondo na Katuba, kisha Ruashi, ndipo uende Golf. Ukienda kwa mpangilio huo, utaiona Golf kwa macho yako mwenyewe, na huenda bado utaichagua, kwa sababu ya kazi yako au shule ya watoto. Ichague basi kwa sababu hizo, na siku wakwe watakapouliza unakaa wapi, waeleze sababu hizo kabla ya kuwatajia jina.